Ukoo wa Virusi vya Eliufoo

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nyanya zangu zimejikunja majani, njano tupu. Mchawi wangu namjua: Eliufoo, jirani wa upande wa chini. Zake nzima kabisa, na huo ndio ushahidi. Inzi weupe wanatoka kwake, wanavuka mpaka bila hodi, wanakuja kuniambukiza mimi!

Nimemshtaki kwenye kamati ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nimependekeza kwamba aliyeleta ugonjwa hapa Mhezi ang'oe nyanya zote na anyang'anywe zamu yake ya maji. Wamepitisha. Kiangazi hiki bila maji ya ndiva huvuni hata mchicha. Pole yake.

Mama Rodgers, mke wangu huyo, kasema Mpare akikosa kesi anaumwa. Kweli. Mimi nina afya njema.

Jumatano, 10 Julai

Kaja binti mtafiti, Careen, na kamashine kadogo kama rimoti. Kanasoma vinasaba. Anasema kila kirusi kina ukoo wake, na mashine itautaja. Safi sana! Kwetu ukishajua ukoo wa mtu, kesi imekwisha. Ukoo wa Eliufoo naujua mpaka babu yao aliyehamisha mawe ya mpaka.

Kachuma majani yangu mfuko mmoja, ya Eliufoo mwingine. Kisha kaenda kunywa chai kwa mwenyekiti, mifuko kaiacha kibarazani kwangu. Kosa lake! Nimebadilisha majani: yangu mfuko wa Eliufoo, yake mfuko wangu. Haki wakati mwingine inasaidiwa.

Jumanne, 16 Julai

Majibu yamesomwa mbele ya kamati. Mfuko wangu, safi. Mfuko wa Eliufoo, virusi vimejaa! Nikapiga meza. Mwenyekiti akauliza mbona nyanya za njano ni zangu. Nikamwambia asibishane na sayansi.

Careen akaendelea. Eti virusi hivyo ndugu zao wa damu wako tambarare, Kwakoa. Vimepanda mlimani pamoja na miche. Eliufoo akaapa hajawahi kununua mche maishani, anaotesha mwenyewe. Watu wakaanza kuitukana miche ya Kwakoa. Damu ikanichemka! Nikasimama, nikawaambia miche ya Kwakoa wasiiguse, nimeileta mimi mwenyewe, na Mhezi nzima hakuna mwingine mwenye akili ya kuifuata!

Halafu Eliufoo akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Nyanya nimeng'oa zote. Zamu yangu kapewa Eliufoo. Inauma, jamani! Naandika huku nasikia maji yangu yakipita mferejini kwenda kwake.

Jumatano, 17 Julai

Sikubali. Nakata rufaa. Kesho nashuka Kwakoa kuchukua kidhibiti: miche mingine, kwa muuzaji yule yule, kamati waone kwa macho yao ilivyo mizuri. Nitaipanda kwanza, isije ikanyauka kabla ya kesi.

Mama Rodgers kauliza nitaimwagilia kwa maji gani. Swali la mtu asiyejua sheria! Nimeshafikiria. Nitaipanda mpakani kabisa, pale mfereji unapoingia kwenye nyanya za Eliufoo.