Ruhusa ya Kuvaa Suti

Aliitwa Mkurugenzi, ingawa hakuwahi kuongoza hata mkokoteni. Mchana mmoja alipita mbele ya karakana ya ushonaji, akawaona mafundi wanne, wote akina mama, wameinamia daftari lililomwagikiwa chai. Vipimo vya wateja vilikuwa humo, na sasa kiuno cha mtu hakikutofautiana na shingo yake.

Mate yakamjaa Mkurugenzi mdomoni. Juma lililopita alikuwa ameokota mtandaoni programu ya kutunzia vipimo. Walioitengeneza hawakumjua, na waliitoa bure kwa yeyote. Yeye aliongeza vitu viwili tu: jina lake na kufuli lenye masharti yake.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia mkubwa wao, mama wa miwani ambaye hakutia mkasi kwenye kitambaa bila kusali kwanza. "Hii nimeibuni mwenyewe. Miaka saba sikupata usingizi. Nawapa bure."

"Bure kabisa?"

"Shangazi, mimi nina hofu ya Mungu."

Mungu, aliyekuwa akisikia, alinyamaza.

Akina mama wakabonyeza neno "Nakubali", wakahamishia vipimo vyote walivyofanikiwa kuvisoma kwenye simu ya karakana, daftari wakalitupa. Siku ya nne simu ikaandika: "Muda umekwisha. Mwone Mkurugenzi." Ndani yake kulikuwa na vipimo vya sare za wanafunzi sitini, na shule ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata.

Mkurugenzi alifika na uso wa mfiwa.

"Mlikubali wenyewe. Imeandikwa humo, ukurasa wa kumi na moja."

"Nani husoma yote hayo?" fundi wa vifungo alifoka.

"Hakuna, dada yangu. Ndiyo maana huandikwa huko."

"Lakini vipimo ni vyetu!" alisema Shangazi.

"Vipimo ni vyenu. Programu ni yangu. Sasa vyenu viko ndani ya yangu."

Kisha akataja bei. Jumamosi angesimama mbele ya mafundi wa mji mzima kuwauzia programu hiyo, na mtu wa hadhi yake hakuwa na cha kuvaa. Wamshonee suti ya vipande vitatu, naye angefungua kufuli baada ya mkutano.

Jumamosi asubuhi aliivaa palepale karakanani. Ilimkaa kama amezaliwa nayo. Shangazi akamletea karatasi nne za maandishi madogomadogo.

"Za nini hizi?"

"Taratibu zetu tu, baba. Tia sahihi."

Akatia sahihi yenye mikia mitatu, macho yake yakiwa kwenye kioo.

Ukumbini maneno yalimtoka kama maji ya bomba. "Ndugu zangu, msingi wa kazi yangu ni uwazi!"

Shangazi akasimama safu ya mbele, futi ya kupimia shingoni.

"Mkurugenzi, muda umekwisha."

"Muda wa nini, shangazi?"

"Wa suti." Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. "'Mvaaji amepewa ruhusa ya kuvaa. Suti inabaki mali ya karakana, na inaweza kuchukuliwa wakati wowote.' Ukurasa wa nne. Sahihi yako hii hapa."

"Mwili ni wangu!"

"Mwili ni wako. Suti ni yetu. Sasa mwili wako uko ndani ya suti yetu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi wa vifungo alikuwa ameshapanda jukwaani.

"Nasoma masomo ya jioni, mwanangu," Shangazi aliendelea. "Mwalimu anasisitiza tusome mpaka mwisho. Nikasoma maandishi yako yote. Baada ya ukurasa wako wa kumi na moja upo wa kumi na mbili. Humo walioitengeneza wameandika: chukueni, gawaneni, asifungiwe mtu."

Mkurugenzi akatoa macho. Ukurasa wa kumi na mbili? Alinakili yote, akachomeka masharti yake katikati, wala hakuwahi kufika huko.

"Fungua," alisema Shangazi, "na uwaonyeshe wenzetu ulikoitoa."

"Nikifungua, suti nabaki nayo?"

"Nitalifikiria."

Akafungua, jasho likimtiririka. Kisha akaonyesha mahali pa kuipata. Simu za ukumbi mzima zikalia moja baada ya nyingine, kila fundi akijichukulia ya kwake bure, mpaka hakukuwa na mteja hata mmoja wa kumuuzia.

Shangazi, mtu wa kutimiza ahadi, alifumba macho akalifikiria suala la suti kwa muda wa sala fupi.

"Koti vua, na kizibao," alisema. "Suruali nimekuongezea muda, mpaka ufike nyumbani."