Sifa Tupu, Zipu Ndani

Jumatatu, 6 Mei

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado nikisikia kikohozi cha mume wangu mlangoni, moyo unaruka! Leo kanikabidhi wafanyakazi wote wa karakana yetu ya mabegi ya shule. Alisema tu niangalie wasigombane hadi mzigo alioagiza mwenye duka mmoja uondoke Ijumaa. Akiridhika, atakuwa mteja wa kudumu. Asiporidhika, kuna karakana nyingine ng'ambo ya barabara.

Nimewaza. Ndoa yetu haina lawama hata moja. Kwa nini kazi iwe nazo? Nimepiga marufuku kukosoana. Ni sifa tupu! Shangazi yake, mkata vitambaa, kauliza kama mkasi butu nao usifiwe. Nikamwambia ndiyo. Wivu tu.

Jumanne, 7 Mei

Sifa zinamiminika! Mshona mikanda kamwambia Baba Mapacha, fundi wa zipu, kwamba hata akisinzia anapendeza. Maskini, watoto hawamlazi. Shangazi alishika begi alilotia zipu Baba Mapacha, akafungua kinywa. Nikamtikisia kidole. Akameza mate, akasema mishono imenyooka kama rula.

Ushindi!

Jumatano, 8 Mei

Shangazi kabadilika kabisa. Kamwambia Baba Mapacha kwamba mabegi yake yana usalama kushinda benki, mwizi hayafungui ng'o. Watu wakacheka hadi wakaegemea vyerehani. Nikamwandikia mume wangu kwamba wanapendana mno. Kanijibu kwa moyo mwekundu. Nimeubusu. Simu imejaa rangi ya mdomo.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Mume wangu kafunga begi moja, kashindwa kulifungua. Vishikio vya zipu viko ndani! Mabegi yote! Na kila mtu alijua. Nikauliza mbona hawakusema. Wakanijibu kwa adabu kwamba bibi harusi alikataza.

Nikalia kifuani pake. (Ananukia gundi. Gundi tamu!) Akaifuta sheria yangu hapo hapo. Shangazi akashusha pumzi kama breki za lori, kisha akafunguka. Baba Mapacha kaambiwa ni mzembe, na akalale kidogo nyuma ya marobota kabla hajashona kidole chake. Mshona mikanda kaambiwa ana maneno mengi kuliko uzi, akae kwenye zipu mwenzake akilala. Mimi kaniambia, mke wa mwanangu, machozi hayafumui zipu, shika wembe. Naye akaambiwa na wenzake kwamba angesema Jumanne hata kwa kukonyeza. Akakubali! Wanasutana, wanacheka, mikono haisimami. Nimefumua bega kwa bega na mpenzi wangu. Raha iliyoje!

Ijumaa, 10 Mei

Mzigo umeondoka! Mwenye duka kafungua zipu, kafunga, kafungua tena. Kaagiza mwingine!

Mume wangu kasema mahali pa kazi penye afya mtu humwambia mwenzake kakosea, kisha humsaidia kurekebisha. Aliendelea, ila nilikuwa naitazama midomo yake. Hata hivyo jambo liko wazi: bila sifa zangu, wangepata wapi moyo wa kusutana vizuri namna ile?

Kuanzia Jumatatu, hakuna kupaza sauti. Tutafanya kazi kwa kunong'onezana, kama sisi wawili. Shangazi kauliza kama vyerehani navyo vinong'one.

Nikamwambia ndiyo.