Kuhusu Aya ya Saba, na Mti Ambao Haujazaa

Munguti wa Makochi,
Nyuma ya kinu cha unga,
Kitengela.

9 Juni 2025

Kwa Wakili Shirleen Mwongeli,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo,
Kajiado.

Wakili Msomi, ambaye pia ni mpwa wangu niliyembeba mgongoni,

MINTARAFU: USHAHIDI WANGU ULIOUKATAA

Salamu nimeziweka mwishoni ili zisichanganyike na malalamiko. Ningepiga simu, lakini Alhamisi ulinikatiza ukasema, Mjomba, kisichoandikwa mahakama haikioni. Nimetii. Nimeandika kwa kalamu, nikaacha nafasi pana upande wa kushoto kama ulivyo mtindo wenu, ili upate pahali pa kuandika kwamba nimekosea.

Kwa kuwa najua barua zako hufunguliwa na karani wako Evalyne, wacha nieleze kesi kwa ufupi asije akapotea. Mwalimu mstaafu Nalianya, mwenye ploti, anataka niondoke na karakana yangu ya makochi pamoja na chumba tunacholala nyuma yake, ili binti yake Nasike afungue shule ya watoto wadogo. Mkataba wetu ulikwisha mwaka wa 2017. Hilo sikatai. Kodi pia hatugombanii, hata yeye ameandika hivyo. Lakini siku ile mkataba ulipokwisha, Mwalimu alikuja karakanani, akaketi, akanywa chai vikombe viwili, akaniona nikifukia kokwa ya avokado kando ya ukuta. Akasema kwa kinywa chake: Kaa tu, Munguti, mpaka huo mti wako uzae. Akacheka. Nami nikacheka. Hivyo ndivyo nilivyokaa mpaka leo.

Sasa Mwalimu hakumbuki chai wala mti. Ameomba mahakama itoe ile hukumu ya mkato, inayotolewa kwa kusoma karatasi tu bila mashahidi kuitwa. Wewe ukaniambia nisiogope. Ulisema hatuhitaji kushinda sasa, tunahitaji tu kuonyesha kwa ushahidi kwamba kuna jambo moja linalostahili kusikizwa. Moja tu. Nilifurahi sana siku hiyo, kwa sababu mimi niko na mambo mengi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta mtu wa kuyasikiza. Lakini kila nililokuletea umelirudisha. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Ulinitaka niandike upande wangu. Niliketi na daftari nikaandika hivi: "Ninakana madai yote ya Mwalimu Nalianya, ya leo, ya jana, na yale atakayoyafikiria kesho." Nilimsomea mke wangu Mbeke, naye akaweka sufuria chini ili asikize vizuri. Wewe ukapiga mstari katikati ukaandika pembeni kwamba kukana kutupu si ushahidi, lazima mtu aseme ni nini hasa kilichotokea. Mpwa wangu, Petro alikana mara tatu, bila kiambatisho hata kimoja, na kanisa likajengwa juu yake. Mimi siombi kanisa. Naomba karakana ya mabati.

2. Nilikuletea Khisa, yule kinyozi jirani yangu, mtu anayeijua habari ya chai ile kuliko mimi. Ulimuuliza swali moja tu, kama alikuwepo. Akakujibu kwa uaminifu kwamba hakuwepo, ila aliambiwa na mkewe Wilkister, ambaye aliambiwa na Mbeke, ambaye aliambiwa na mimi. Ukasema huyo si shahidi, ni mimi mwenyewe nimezunguka nyuma ya nyumba nikaingia kwa mlango wa jikoni. Khisa amehuzunika. Anauliza, na mimi naunga mkono, yeye aliijuaje siku yake ya kuzaliwa? Alikuwepo, ndiyo, lakini hakuwa akisikiza.

3. Kiti. Ulisema kielelezo ni bora kuliko maneno. Basi Jumanne nilikuletea kile kiti chenyewe alichokalia Mwalimu, cha mtu mmoja, kitambaa cha maua, nimekibeba kichwani kutoka stendi. Mlinzi wenu wa langoni akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Mimi nikiwa chini ya mzigo nikajibu, ndiyo, ni sofa, naipeleka juu iwe ushahidi. Akacheka mpaka akashindwa kufungua lango. Nimeishi Kajiado miaka ishirini na najua kabisa kwamba nilipaswa kuitikia "Ipa", lakini mtu mwenye kochi kichwani huona makochi kila mahali.

Nilipofika juu nilikuonyesha doa la chai mkononi mwa kiti, upande wa kulia, pale Mwalimu alipomwaga akicheka. Ukasema doa linaonyesha tu kwamba mtu alimwaga chai. Halionyeshi alisema nini. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku sita na sijapata jibu, nawe ujue hilo limeniudhi. Isitoshe, sikuwa na nguvu ya kukishusha ngazi tena, nikakiacha ofisini kwako. Nasikia sasa wateja wako wanakigombania. Yaani ushahidi wangu umekataliwa lakini unakaliwa.

4. Hili la nne ni zito kidogo, na kosa nusu ni langu. Ulisema ushahidi wote uwe katika hati ya kiapo. Mimi nilipofika nyumbani nikawaambia mashahidi kwa lugha ya kwetu kwamba wakili anataka wale kiapo. Unajua Wakamba hatuapi tu, tunakula. Na ukimwambia Mkamba habari ya kula kiapo, hafikirii karatasi na muhuri. Anafikiria kithitu, kile kiapo cha wazee kinachomfuata mwongo mpaka kwa wajukuu. Muthama, binamu yangu wa Kimana, alikuwa ameleta vitunguu, akiwa tayari kusema lolote. Aliposikia neno hilo aliondoka saa hiyo hiyo. Vitunguu viko hapa. Yeye hashiki simu.

Akabaki Ndung'u wa bucha, ambaye kweli alikuwepo. Siku ile alikuja kupimiwa kochi, na masikio yake mawili yalisikia. Ndung'u ni Mkikuyu, na kwao pia neno kiapo halitamkwi kwa mzaha. Kwanza alisema alimsikia Mwalimu vizuri. Kisha akasema alimsikia, ila huenda Mwalimu alikuwa akiongea na mbwa. Nilipomweleza kwamba mahakamani ni karatasi tu na wakili wa kushuhudia sahihi, alitulia akasema ataapa, kwa sharti kwamba mimi niape kwanza, yeye akiniona, aya zote kumi. Akikaa wiki moja aone sijavimba mguu, ataweka sahihi yake.

5. Kwa hiyo mzigo wote umerudi kwangu, na hapo ndipo tunapofika kwenye aya ya saba.

Aya tisa kati ya kumi ulizoniandikia ni nzuri. Naweza kuziapa nikiwa nimesimama juani bila kofia. Lakini ya saba umeandika: "Kwamba mti huo, hadi siku ya kiapo hiki, haujazaa." Nilikuuliza kama inaweza kurukwa. Ukasema hiyo ndiyo kesi yenyewe. Ukasema kama mti umezaa, basi ruhusa ya Mwalimu imekwisha hata akiikumbuka, na hakuna la kusikizwa. Ukaniuliza, Mjomba, kwani umezaa? Nikakuambia nitakujibu kwa maandishi. Haya ndiyo maandishi.

Kwanza, mimi ni fundi wa makochi. Mambo ya mimea yana wataalamu wake, na wewe ndiye uliyesema mtu aape tu kwa yale anayoyajua. Pili, kuzaa ni nini? Kuku wa Isinya akitaga hatusemi amezaa. Tunangoja vifaranga watembee. Mti nao, kwa haki, utakuwa umezaa siku kokwa yake itakapoota mti mwingine na mti huo ukasimama wenyewe, yaani, tukijaliwa mvua, mwaka wa 2034. Hilo si jambo linalostahili kusikizwa? Tatu, ulitaka picha ya mti nikakutumia. Umelalamika kwamba inaanzia kwenye mizizi na kuishia usawa wa mshipi wangu. Simu ni ya zamani, mti ni mrefu, na nikirudi nyuma nagonga ukuta. Ulipotaka picha nyingine nilikutumia ya kivuli. Kivuli hakidanganyi.

6. Ulipendekeza Mbeke aape badala yangu. Mbeke ni mtu wa kanisa, na imeandikwa katika Mathayo, msiape kabisa. Nikadhani tumepona. Kumbe sheria yenu inamruhusu Mkristo wa namna hiyo kuthibitisha tu bila kuapa, nawe ukampigia simu kumweleza. Ameshatoa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Amesema atathibitisha aya zote kumi bila shida, ila ya saba atairekebisha. Nakusihi usimwite Mbeke. Mwanamke huyu akianza kuthibitisha hajui pa kukomea.

Baada ya malalamiko hayo, maombi yangu ni matatu, na kila moja ni la akiba, lililotangulia likishindikana.

Ombi la kwanza ni kwamba uniapie wewe. Najua utasema hukuwepo. Lakini mimi nitakuambia, nawe utaniamini, kama ulivyoniamini ukiwa mdogo nilipokuambia mwezi unatufuata kwa sababu baiskeli yetu ni nzuri.

Ombi la pili, kama wakili haruhusiwi, ni kwamba aape Mwalimu Nalianya kwa niaba yangu. Yeye tayari ameapa aya kumi na nne, na moja inasema hajawahi kunywa chai kwangu. Jumamosi nilimwona akivuka barabara na miguu yote miwili iko sawa. Ni wazi kiapo kinamkubali. Kuongeza aya moja ya jirani kutamgharimu nini?

Ombi la tatu, yote yakishindikana, mahakama ije Kitengela. Makochi yapo, hakimu atachagua. Akae chini ya huo mti, kivulini, aone mwenyewe. Naomba tu asitazame juu sana, kwa sababu ya vumbi la machimbo ya mawe.

Sasa nikuambie jambo moja nje ya namba. Kuondoka kutaniumiza, sikufichi. Miaka kumi na mitatu, wateja wananijua kwa ukuta huo, na Mbeke amepanda sukuma wiki yake mpaka mlangoni. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba Mwalimu sasa ananiandikia kupitia wakili, na yuko upande wa pili wa ua. Mwaka ule wa ukame ni yeye aliyekuwa akileta ndoo ya maji ya kufulia, anamwagia kamti kangu, anauliza, Munguti, bado tu? Nami nasema, bado, Mwalimu. Tulikuwa tunacheka kila mara. Sijui ni mwaka gani aliacha kuuliza. Labda angeendelea kuuliza, nami nisingehitaji kuandika aya yoyote.

Hati lazima iwe mahakamani kabla ya Ijumaa, umesema. Basi shika kalamu uirekebishe aya ya saba iseme kwamba mti huo bado unajitahidi. Hilo nitaliapa mbele ya Ndung'u, mbele ya wazee wa kwetu Mbooni, na mbele ya yeyote.

Salamu zangu kwa dada yangu Muthoki, mama yako, umwambie sijasahau lile godoro nililomwahidi. Msalimie Evalyne, na yule mlinzi mwambie, Ipa. Khisa anakusalimu ingawa ulimkataa. Mbeke anakusalimu na anauliza ni lini utamwita.

Ni mimi mjomba wako, mdaiwa, nisiye na ushahidi mwingine,

Munguti Muema

N.B. Mfuko uliokuja na barua hii ni wa kwetu hapa, kutoka kwa ule ule mti, matawi yameinama mpaka nimeyawekea nguzo za kochi. Avokado nne ni zako, mbili za Evalyne, na mbili umpe wakili wa Mwalimu mkikutana kortini, ajue hatuna kinyongo. Azifunike ndani ya unga siku tatu ndipo azikate. Mwambie asizidharau kwa udogo. Za mwaka jana zilikuwa kubwa zaidi.