Kiwanja Chetu Chini ya Mkaratusi

Jumamosi, 19 Julai

Tumefika kisiwani Korsika. Wote wazima, kwa kiasi fulani. Jelle, mwanangu wa miaka sita, katapika Ubelgiji, katapika Ufaransa, na melini akatapikia viatu vya baharia. Fenna, wa miaka minne, alianza kuuliza kama tumefika kabla hatujatoka mtaani kwetu Sneek, Uholanzi. Marloes, mke wangu, hasemi na mimi tangu Lyon. Ati nimejaza gari viazi mpaka watoto hawana pa kuweka miguu. Sasa mtu wa kwetu Friesland asafiri bila viazi vyake? Marehemu Baba alikuwa akisema viazi vya ugenini ni maji matupu.

Haya, hayo si kitu. Balaa ni hili: kiwanja chetu kina watu!

Nieleze vizuri. Kwa Mama, juu ya jiko, iko picha. Baba na kaptula yake na masharubu mekundu, Mama na gauni la maua, mimi na pengo la meno ya mbele, sote mezani chini ya mkaratusi mkubwa, sufuria ya viazi katikati, bahari nyuma. Tulikuja kambi hii ya mahema kila kiangazi mpaka nikaota ndevu. Nakumbuka kila kitu. Harufu ya majani ya mkaratusi asubuhi. Kijito kilichopita karibu na hema letu, nikilala nakisikia kinatiririka. Sijawahi kulala vizuri hivyo tena maishani mwangu.

Baba alifariki Januari. Alhamisi ingekuwa siku yake ya kuzaliwa. Nimemwahidi Mama kwamba siku hiyo atapata picha ileile, mahali palepale, na wajukuu wake ndani. Mama akasema ataisubiri. Akarudia tena kwamba ataisubiri, na sauti ikamkatika. Kwa hiyo si mchezo.

Na sasa chini ya mkaratusi wetu amekaa mzee wa Kibelgiji, kifua wazi, anakunywa bia. Jina lake Gaston. Mke wake Godelieve. Bibi Battistina, mwenye kambi, kaniambia kiwanja kile ni cha Gaston tangu enzi na enzi. Mwongo! Sisi ametupa kiwanja cha kando ya vyoo. Vyoo! Mimi, mtoto wa mzee Hoekstra!

Marloes amefungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Lyon. Amesema si niende tu nikamwombe mzee wa watu, nipige picha, nirudi. Nimwombe? Mtu huomba kilicho chake?

Kijito sijakiona. Nadhani kimekauka.

Jumapili, 20 Julai

Mpango wa kwanza. Nilimwendea Gaston nikiwa na uso wa huzuni. Nikamwambia, mzee wangu, nakuonea huruma, miti hii huangusha matawi bila hodi, na hema lako liko chini yake kabisa. Mimi kwa umri wako ningehama leo leo, kule kwenye vyoo kuna usalama mtupu.

Akatazama juu. Akashtuka kwelikweli. Roho yangu ikacheza ngoma! Akanishika mkono, akasema Mungu ndiye amenileta, maana yeye magoti yamekwisha na tawi lile limemtia wasiwasi tangu mwaka jana. Akaingia hemani. Akatoka na msumeno.

Nimeshinda juu ya ngazi nikimkatia mwizi wangu matawi. Mgongo wote umeungua, hata shati haligusiki. Chini Godelieve alikuwa akinielekeza kama fundi wake, kushoto kidogo mwanangu, angalia kidole. Mwishoni wakanipa bia. Nikainywa kwa hasira. Sasa kivuli chao kimekuwa kizuri zaidi kuliko jana.

Marloes kacheka mpaka kakaa chini. Angalau tunaongea.

Jumatatu, 21 Julai

Mpango wa pili. Huu ulikuwa na akili, na bado nasema ulikuwa na akili.

Nguruwe wa hapa hawafungwi. Wanatoka mlimani na kuzurura wanapotaka. Nikawaza: nani atakubali kuishi mahali penye nguruwe? Alfajiri, Wabelgiji wakiwa bado wanakoroma, nikamwaga maganda ya viazi nyuma ya hema lao. Mengi. Nikarudi kitandani nikajifanya nimelala.

Wamekuja, mama mmoja na wanawe sita. Wamekula maganda yote kwa adabu nzuri. Halafu mama mtu akainua pua. Nilisahau kwamba ndoo yangu ilikuwa na tundu na maganda yalikuwa yakidondoka njia nzima. Wakayafuata moja moja, kwa mstari, mpaka mlangoni kwetu. Kisha si mlangoni tena, ndani!

Viazi vyote vimekwenda. Hema lina mlango wa pili. Jelle na Fenna walipiga makofi, wanasema haijapata kutokea siku nzuri kama hii, nguruwe watarudi lini. Maneno ya Marloes siyaandiki.

Na bado! Saa ya chakula watoto hawaonekani. Nawatafuta ufukweni, nawatafuta vyooni. Wako wapi? Chini ya mkaratusi, wamekaa mezani kwa Gaston, midomo inang'aa mafuta. Wabelgiji hawa husafiri na sufuria yao ya kukaangia. Chipsi! Fenna kaniambia mbele ya watu kwamba viazi vya Babu Gaston ni vitamu na vyangu vina ladha ya maji. Babu Gaston! Babu yao alikufa Januari, na huyu amechukua kiwanja, sasa anachukua na cheo.

Nilikwenda kutembea peke yangu. Nililia kidogo nyuma ya duka la aiskrimu. Namkumbuka Baba.

Jumatano, 23 Julai

Kesho ndiyo Alhamisi. Mpango wa tatu. Nimekwisha kuwachunguza: baada ya chakula cha mchana wazee huenda kuogelea. Leo Godelieve alikuwa na mafua, nikaanza kukata tamaa, lakini Gaston akamwita kwa sauti kubwa, twende bibi, maji ni mazuri sana leo! Wakashuka na mataulo yao.

Nikapiga mbio. Meza yao nikaisukuma pembeni, yetu nikaileta. Sufuria nikaiweka katikati, tupu, kwa sababu ya nguruwe. Kaptula ya Baba nilikuja nayo kutoka nyumbani. Haifungi kiunoni, nimeishika kwa pini. Jelle ana pengo lake mwenyewe, Mungu mkubwa. Marloes akakubali kupiga picha ili mambo haya yaishe. Nikakaa. Nikaweka mkono begani kwa mwanangu kama Baba alivyouweka kwangu. Marloes akapiga.

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko.

Gaston! Na Godelieve, na mafua yake, wote wakavu kabisa, wamesimama nyuma ya kichaka. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kaptula. Lakini Gaston hakukasirika. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwambia mkewe, tazama bwana, hata mkono begani ni uleule! Akaniuliza kama mimi ni mtoto wa yule Mholanzi mwenye masharubu mekundu.

Nikasema ndiyo, na kiwanja hiki kilikuwa chetu.

Akanitazama kwa huruma. Akasema hapana, kijana, hapa nimekaa mimi tangu nioe. Baba yako kila mwaka alikuwa akivizia tukienda kuogelea, analeta meza yake, anapanga familia yake, anapiga picha, anakimbia. Mwaka wa kwanza Gaston alitaka kumkunja. Mwaka wa pili Godelieve akamzuia. Tangu hapo, wakimwona tu yule Mholanzi anazunguka-zunguka, wanachukua mataulo na kushuka pwani, hata siku ya baridi, ili amalize kwa raha zake.

Nikauliza sisi tulikaa wapi basi. Nilishaanza kujua. Akanyoosha kidole kwenye vyoo.

Nikampigia Mama palepale. Nikamweleza yote. Halafu nikamsikia anacheka, na tangu Januari sijamsikia akicheka. Akasema, wewe hukujua? Sasa picha ya chooni nani angeitundika ukutani? Baba yako alikuwa akiwasimulia majirani kwamba kiwanja ni chetu, anasimulia, mpaka mwenyewe akaamini. Nikamuuliza habari ya kijito. Akasema, kijito gani, mwanangu? Yalikuwa maji ya vyoo yale.

Nikakaa chini ya mkaratusi wa watu nikalia waziwazi. Godelieve alinisogezea sahani ya chipsi. Kweli ni tamu.

Jumamosi, 26 Julai

Tumefunga. Mama ameipata picha kwa simu siku ya Alhamisi, akaichapisha dukani. Ameitundika chini ya ile ya zamani, na amemwita jirani aje aone kiwanja chetu.

Watoto walilia kuondoka. Jelle alikumbatia hema hata nikashindwa kulikunja. Nikamuuliza atakumbuka nini zaidi, nikidhani atasema nguruwe. Akasema ule mto unaopita karibu tukilala. Nikamgeuzia mgongo nikajifanya natafuta kigingi. Sikumwambia, na sitamwambia.

Gaston kanikumbatia. Kasema nitulie sasa, nimekuwa mtu mzima, siku nyingine nikitaka kitu nimwombe mwenyewe. Nikamwapia. Nilimaanisha kabisa.

Sasa tuko melini. Sitaha ya juu, mbele, mkono wa kulia, pana benchi la bluu. Hapo ndipo nilipokaa na Baba kila mwaka tukiangalia kisiwa kinazama. Hapo palikuwa petu, hili nina uhakika nalo. Na hapo wamekaa Wajerumani! Mume, mke, kigari cha mtoto, na taulo juu ya nafasi iliyobaki!

Marloes kasema niwaombe tu, wanaonekana watu wazuri. Niwaombe? Nimemvuta Jelle pembeni, nikamtuma akawaambie kule chini wanagawa chipsi za bure.

Hawakuinuka. Wamempa biskuti, wamekunja taulo, wamemkalisha. Ananipungia mkono kutoka kwenye benchi letu, mdomo umejaa, kisiwa nyuma yake. Nimempiga picha upesi, na Wajerumani nimewakata pembeni. Nyumbani tutasema tulikaa hapo safari nzima.