Jina la Mtoto na Televisheni Zote

Jumatatu, 4 Agosti

Mjukuu wangu ana siku kumi na tisa na hajanyamaza hata moja. Analia kama king'ora. Mama yake, Phanice wangu, macho yamezama kama ya omena aliyekaushwa. Baba yake, Kavoi, siku hizi anafika kazini kabla ya mwenye kufungua mlango. Simlaumu. Hata mimi ningekuwa na kazi ningeikimbilia.

Sababu naijua. Kwetu Bukusu mtoto halii bure. Kuna marehemu anayetaka jina lake. Unaita majina ya waliotangulia, moja moja, na lile analolinyamazia ndilo lake. Kazi imeisha, watu wanakula. Na huyu anatakwa na marehemu mama yangu, Nasike, aliyezaliwa mwaka wa nzige na akazika waume wawili bila kukohoa. Pua ni yake. Hasira ni zake kabisa.

Lakini kuna kizuizi. Kinaitwa Wayua, mama ya Kavoi. Ametoka Machakos na sanduku, kigoda na gunia la muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa, akajisimika kwa watoto pale mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, kama nguzo ya stima. Anasema kwa Wakamba msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Yaani lake! Na yuko hai! Anamaliza sahani mbili! Nikamwambia kwetu jina linangoja mwenyewe aondoke kwanza. Akauliza kama namtakia kifo. Nikasema hapana, namkumbusha tu utaratibu.

Kavoi akaamua. Jumamosi majina yote mawili yaitwe mbele yetu. Litakalomnyamazisha mtoto ndilo atakalolipeleka kuandikishwa Jumatatu ijayo. Wayua akakubali haraka sana. Sikupenda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda Kongo na mboga ya mrenda na kuku wa kienyeji. Wayua akasema kuku amekonda. Nikamwambia ametembea kutoka Kibera, wewe ulibebwa.

Sasa sikiliza. Kwa Phanice kuna televisheni kubwa kama mlango, imefunga ukuta mzima. Aliiweka Timothy, kitinda mimba wangu, fundi wa televisheni, miaka thelathini na nguo zake bado nafua mimi. Wayua anakaa mbele yake kutwa nzima anatazama wale wazungu wa tamthilia wanaolia kwa Kiswahili. Sauti mpaka mwisho, eti sikio moja limeziba. Mtoto naye anapiga kelele kushindana nao.

Saa tisa hivi stima ikapotea. Puu! Wazungu wakafa. Na mtoto? Akanyamaza! Kimya! Akanyonya, akacheua, akalala. Phanice akalia kwa furaha. Stima ikarudi, wazungu wakarudi, mtoto akaanza.

Muthoni, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemshika Phanice mkono siku ya kujifungua. Akaja akamchukua mtoto akaenda kukaa naye kwake. Msichana mwema. Hana hata redio. Akasema kwa upole labda ni hizo kelele, Mama. Nikamwambia asante, mambo ya marehemu hayajui.

Lakini kichwani mwangu taa ilikuwa imewaka. Marehemu wanaweza kusaidiwa. Nikiita Nasike wakati huohuo televisheni inapokufa, nani atabisha?

Jumatano, 6 Agosti

Shule sikuona hata mlango wake. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo, mstari kwa mstari, nikichochea sufuria. Kwa hivyo hakuna kinachonishinda, hata Kiingereza.

Timothy aliweka kwenye simu yangu msichana anayesikia ukimwambia. Unamwambia zima televisheni, anazima. Huoni mkono wala mguu wake. Nilimpikia Timothy chapati nne nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, je, huyu msichana anaweza kuzima ya dada yako kule Kongo? Akasema anaweza, Mathe (ndivyo anavyoniita mimi mama yake), nimeziunganisha zote kwa jina langu, ni rahisi. Akasema ya Phanice ina jina lake, "living ruum tuu". Nilijaribu mara kumi. Ulimi ukafunga fundo, na jino langu la mbele likacheza.

Nikauliza kama hakuna njia fupi. Akasema ipo, "tan of ol tivi", lakini hiyo usiseme kabisa, Mathe, inazima zote. Nikamuuliza zote maana yake nini. Akasema zote.

Yangu na ya Phanice. Sawa. Yangu ikizima hakuna anayekufa.

Msichana mwenyewe ana adabu. Ukimaliza anakujibu. Nimempenda. Nikamwambia asante mwanangu, umekula? Akasema kitu kirefu kwa Kiingereza. Maskini, labda hajala.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Nimefunga mlango, nimejifunika leso kichwani, simu ndani, sauti ya msichana nimeipunguza mpaka mwisho. Lazima niseme yale maneno mbele ya Wayua bila yeye kujua. Nimepata njia. Nitaomba kwa lugha! Kanisani kwetu Roho akishuka kila mtu anasema yake, nani atajua yangu ni ya simu?

Nikaanza. Shaba raba, hosana, tan of ol tivi, raba shaba. Televisheni yangu ikazima! Nikaiwasha kwa kidole, nikarudia. Ikazima tena! Mara tano, mara tano zote.

Jambo moja la ajabu. Kila nikisema, kule mbele kwa Khamala, kwenye ule ukumbi wa mabati anakoonyesha mpira na sinema, watu wanapiga yowe. Mara tano. Lazima ilikuwa siku ya magoli mengi. Nimefurahi nao. Vijana wa huku kwetu Sarang'ombe, Kibera, wana shida nyingi, acha wafurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Khamala alikuja kumtafuta Timothy, jasho mpaka kwenye viatu. Televisheni zake nne zimeingiwa na pepo, zinajizima zenyewe. Timothy alikuwa Kawangware kwa mteja. Nikampa Khamala chai na ushauri. Nikamwambia stima yake ameiiba kwenye nguzo, na cha wizi hakina baraka. Akaondoka bila kumaliza chai. Mimi nikaimalizia.

Phanice amepiga simu. Hajalala siku tatu. Anasema mama, mimi sijali jina, mwiteni hata Jumanne, nataka tu alale. Nikamwambia vumilia, kesho bibi yako atamtuliza. Akasema, Mama, bibi alikufa. Nikasema ndiyo, sasa ana nafasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Karibu.

Tumekusanyika saa kumi. Kavoi katikati kama mwamuzi. Phanice kitandani na mtoto, wote wawili wanalia. Muthoni mlangoni na beseni alilokuja kurudisha. Wazungu ukutani wanapigana makofi. Nikapendekeza tuwaache waendelee, tusimnyime mkwe mwenzangu kipindi chake. Wayua akanitazama kama nimempa zawadi. Pole yake.

Akaanza yeye. Akainama, akaita Wayua! Mtoto akapiga kelele zaidi. Wayua! Zaidi. Mara ya tatu mtoto akamtapikia. Nikampa pole kwa sauti ya kusikika.

Zamu yangu. Nikajifunika leso. Shaba raba, hosana! Wayua mwenyewe akaitikia amina. Tan of ol tivi! Wazungu puu. Nikaita Nasike!

Kimya.

Mtoto akanyamaza! Akafumbua macho, akanitazama. Mama yangu mzima, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Kavoi akavua kofia. Phanice akafunga macho. Na mimi, jamani, mimi nani? Mama yangu amerudi nisimpokee? Nikapiga kigelegele! Kirefu, kile cha harusi.

Mtoto akaruka. Akaanza kulia kama ambavyo hajawahi kulia. Wayua akainuka akasema hiyo haihesabiki, amelikataa. Nikasema alinyamaza kwanza. Akasema na stima je, mbona taa inawaka na televisheni imezima? Kavoi akaitazama taa. Mimi nikaangalia dari, nikaomba kidogo zaidi.

Uamuzi: turudie kesho baada ya kanisa.

Sijafika hata barabarani Timothy akapiga simu. Sijawahi kumsikia hivyo. Akauliza nimeiambia nini simu. Nikasema nilikuwa naomba. Akasema kwa Khamala kulikuwa na penalti ya mwisho, mtu ameshaanza kukimbilia mpira, na televisheni zote nne zikafa. Viti vimeruka. Khamala amejifungia chooni na watu wanamngoja nje. Nikauliza penalti iliingia? Akasema Mathe, hakuna anayejua!

Kumbe za Khamala nazo aliziunganisha kwa jina lake. Uvivu! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikwambia zote, zote ni zote!

Akataka kunitolea msichana kwenye simu. Nililia kidogo. Nikamtajia uchungu wa kumzaa, siku mbili, miguu mbele. Akazitenga za Khamala, akaniachia yangu na ya Phanice. Mtoto mzuri. Hajui kushikilia hasira.

Jumapili, 10 Agosti

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Wayua alikuwa ametulia mno. Amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anatabasamu. Akasema leo aanze tena yeye. Akaita Wayua! Na televisheni ikazima.

Yenyewe!

Mtoto akanyamaza. Nikatazama kigoda. Chini ya kanga ya yule mama palikuwa pametokeza ncha nyeusi. Rimoti! Ameikalia kama kuku na yai! Mtu mzima! Mama wa kanisa! Watu wengine hawana aibu.

Nikajifunika leso. Shaba raba, tan on ol tivi! Wazungu wakarudi, mtoto akalia. Wayua akasogeza kiuno, wazungu wakazima. Nikawasha. Akazima. Nikawasha. Sasa hata kuomba nimesahau, napigia simu kelele wazi, na yeye anarukaruka kwenye kigoda kama anayepanda punda. Nasike! Wayua! Nasike! Wayua! Kavoi anaita Mama, na hatukujua anamwita nani.

Phanice akashuka kitandani. Miguu mitupu. Akaenda ukutani, akang'oa waya ya televisheni na soketi yake na kipande cha plasta. Akamchukua mtoto akampa Muthoni, aliyekuwa amesimama palepale mlangoni. Muthoni akamweka begani. Mtoto akalala kabla hajafikisha shavu.

Halafu Phanice akatugeukia. Alisema siku ya uchungu alitupigia simu sote wawili. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa akina mama, Wayua alikuwa shambani, na hatukushika. Aliyeshika ni Muthoni. Akasema Kavoi, kesho andika Muthoni.

Kavoi akasema sawa, mpenzi. Haraka! Kama mtu aliyengoja kufunguliwa mlango.

Muthoni maskini akaanza kukataa, machozi yanamtoka, anasema yeye ni jirani tu. Phanice akamwambia nyamaza wewe nawe.

Mjukuu wa Mbukusu na Mkamba anaitwa Muthoni! Mimi na Wayua tukatoka nje tukakaa kwenye kigoda chake, kila mmoja nusu. Baadaye akaniuliza hiyo lugha niliyokuwa nikiomba ni ya wapi. Nikamwambia na wewe hicho ulichokalia kimetagwa na nani. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia. Kifua chake kibovu. Nikampiga mgongo, si kwa nguvu sana.

Jambo la simu nililibeba mpaka nyumbani. Alinipigia. Mwanangu alinipigia na sikushika. Jioni nimempelekea uji wa wimbi, nikamkanda miguu, nikamwambia jina ni zuri. Alilala mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Vidole bado vidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Phanice amelala saa saba mfululizo! Ile televisheni imeondolewa. Timothy ameileta kwangu, imefunga dirisha. Mtoto hajalia tangu jana. Watu wote wanajua sasa kwamba ni kelele tu zilizokuwa zikimsumbua. Watu wote wamekosea, lakini nimewaacha.

Kavoi amepitia hapa akitoka kuandikisha. Akanionyesha karatasi. Muthoni, halafu jina la Kavoi mwishoni. Na katikati? Nafasi! Nyeupe! Nikamuuliza hii ni ya nini. Akasema ya jina la pili, watalijaza Jumapili ijayo, siku ya kumpeleka mtoto mbele ya kanisa. Pasta atalitangaza. Wayua tayari ameshazungumza na Pasta. Nyoka! Na jana tu tumegawana kigoda nusu kwa nusu!

Timothy alikuwa anafungia televisheni ukutani. Akanigeukia na bisibisi mkononi, akaniuliza kwa heshima, Mathe, kwa haya yote umejifunza nini?

Nikamwambia nimejifunza mengi, mwanangu. Nikamwekea chapati ya tano. Kisha nikamuuliza, hivi zile spika za kanisa, si ni wewe uliyeziweka? Nazo zinasikia Kiingereza?

Amekataa kunijibu. Kukataa kujibu si kusema hapana.