Kuku Waliokaa kwa Heshima

Idara ya Lishe ya Kuku wa Nyama ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na kwa nakala tano, kwamba kuku wa shamba la mfano la serikali walikuwa wameanza kuwa na adabu. Tangazo lilibandikwa getini, masijala, na kwenye mlango wa choo kwa upande wa ndani, maana huko ndiko watumishi walikosoma kwa utulivu. Lilieleza kwamba siku Mkurugenzi alipotembelea banda namba mbili na kuhutubia kwa dakika arobaini, kuku wote mia sita waliketi chini, wakatulia tuli, na hakuna hata mmoja aliyetoka kabla ya hotuba kwisha.

Yote hayo yalikuwa kweli. Waliojua kwa nini yalikuwa kweli walikuwa watu wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Afisa Virutubisho Daraja la Pili, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye mtaani kwake walimwita Bwana Vitamini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kuku wa serikali wanachanganyiwa vitamini na madini kwenye chakula. Wa pili alikuwa mhudumu wa mabanda, mama wa makamo ambaye ofisi nzima, hata waliomzidi umri, ilimwita Shangazi. Yeye kazi yake ilikuwa kuwalisha kuku wenyewe, jambo ambalo katika muundo wa idara lilihesabiwa kuwa dogo.

Kuku wa nyama ni kiumbe mwenye haraka. Leo kifaranga anaenea kiganjani, wiki ya sita ni mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Nyama inakwenda mbio, na mifupa inaifuata nyuma ikihema. Akikosa vitamini D, chokaa na fosforasi, miguu inalainika. Atapepesuka siku mbili tatu, kisha atakaa. Atakula amekaa, atakunywa amekaa, na akitokea Mkurugenzi, atamsikiliza amekaa.

Bwana Vitamini aliliona hilo mapema, wiki ya pili. Alichuchumaa kwenye maranda, akamwinua kuku mmoja na kumpapasa mguu, ukapinda kama mpira wa baiskeli. Siku hiyohiyo aliandika dokezo la kuomba magunia mawili ya mchanganyiko wa vitamini na madini. Magunia yalikuwepo. Yalikuwa stoo, hatua ishirini kutoka bandani, na Shangazi aliyaona kila asubuhi kupitia dirisha la wavu. Lakini dokezo lilipaswa kupita meza saba, na meza saba huchukua wiki nane. Kwa mpango huo kuku wa serikali angeidhinishiwa mifupa wiki nne baada ya kuliwa. Idara haikulala, iliunda kamati ndogo ya kuchunguza uwezekano wa kuku kukua polepole.

Siku ya pili baada ya hotuba, Mkurugenzi alimwita Bwana Vitamini ofisini. Alikuwa amesimama mbele ya kioo akijaribu ishara za mikono.

"Bwana Afisa, umewaona vijana wangu?"

"Nimewaona, Mkurugenzi. Na kuhusu hilo nilitaka kusema kwamba…"

"Hakuna aliyeinuka."

"Hakuna aliyeweza, Mkurugenzi."

"Hakuna aliyeweza!" Mkurugenzi aliligeuza neno mdomoni kama peremende. "Hakuna aliyeweza kuniacha. Hapo umesema. Liandike hilohilo kwenye ripoti."

Bwana Vitamini alifungua mdomo. Alifikiria miaka kumi na moja aliyoisubiri Daraja la Kwanza. Akaufunga mdomo, akaandika.

Aliporudi bandani, Shangazi alikuwa akisogeza vyombo vya maji karibu na midomo ya kuku, kimoja kimoja, kama anayenywesha wagonjwa wodini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kwa njia ya kiofisi."

"Yaani hujamwambia."

"Shangazi, mambo haya yana ngazi zake."

"Hawa hawapandi ngazi, baba. Hata kuinuka kwenye maranda hawawezi." Alimfuta kuku mmoja macho kwa ncha ya kanga. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Endelea kuficha."

Wiki ya sita ilifika. Kundi la kwanza likaondolewa, na wabebaji walisifu sana kazi ilivyokuwa nyepesi, kwani hapakuwa na wa kumkimbiza. Bwana Vitamini alisimama mlangoni akihesabu, asimtazame Shangazi usoni.

Wakati huo adabu ya kuku ilikuwa imeshapanda vyeo. Mkurugenzi alitoa kitabu kiitwacho Mwongozo wa Nidhamu ya Kuku wa Nyama, chenye picha yake katika kila sura. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema: "Kuku hutambua uongozi bora kabla ya binadamu. Akikaa, ameridhika. Asipokaa, kiongozi ajitazame." Sentensi ya mwisho aliiongeza ili kuwapiga vijembe wakurugenzi wenzake, ambao walikuwa wamehutubia mbuzi na kuachwa peke yao.

Waziri akausoma Mwongozo. Akaupenda. Akatuma ujumbe kwamba angekuja mwenyewe, azindue sera na kuhutubia kundi la pili la kuku likifikisha wiki ya tano.

Mkurugenzi alimkamata Bwana Vitamini kwenye korido, akamshika kifungo cha shati.

"Kundi la pili lisibadilishwe chochote. Chakula kilekile, utaratibu uleule. Tumeelewana?"

"Naomba iwe kwa maandishi, Mkurugenzi."

"Mambo mengine hayaandikwi, bwana mdogo. Yanaeleweka."

Bwana Vitamini alielewa. Usiku na mchana alielewa, na kuelewa huko kulimkosesha hamu ya kula. Vifaranga wapya walikuwa na siku kumi na tano, wanakimbizana, wanapandana migongoni, hawajui lililopangwa juu ya miguu yao.

Basi asubuhi moja tarishi wa masijala alimletea jalada lililovimba. Lilikuwa lile dokezo. Lilikuwa limemaliza ziara yake ya meza saba, limegongwa mihuri tisa, na mwisho kabisa, kwa wino wa kijani, lilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi na maneno: "Imeidhinishwa kwa kundi lolote lililopo. Utekelezaji wa haraka." Ilikuwa dhahiri kwamba Mkurugenzi hakusoma. Alikuwa mtu wa kutia sahihi kwa mafungu, kabla ya chai.

Bwana Vitamini alilibeba jalada hadi bandani na kumsomea Shangazi tangu mwanzo hadi muhuri wa mwisho.

"Kwa hiyo?" Shangazi aliuliza.

"Kwa hiyo kuna maagizo mawili ya bosi mmoja. La mdomo linasema tusiwape. La maandishi linasema tuwape haraka."

"Na wewe unasemaje?"

Hilo hakuwahi kuulizwa kazini. Alitazama jalada, akawatazama vifaranga. Mmoja alikuwa tayari anachechemea, anabaki nyuma ya wenzake, anafika kwenye chakula wa mwisho.

"Kanuni za Utumishi," alisema, "zinasema agizo la maandishi hulifuta la mdomo. Mimi ni mtu wa kanuni."

"Alhamdulillahi," Shangazi alisema. "Kanuni nayo kumbe ina siku yake. Haya, nenda kachukue ufunguo kabla hujapoa."

Mtunza stoo alihesabu mihuri, akafungua. Walichanganya kwa koleo wawili hao, sakafuni, mahindi na mashudu na vitamini, mpaka Bwana Vitamini akawa mweupe nyusi zote. Baada ya siku nne yule mchechemeaji alikuwa wa tatu kufika kwenye chakula. Baada ya wiki mbili aliwapita wote. Bwana Vitamini alicheka kwa sauti, kisha akakumbuka tarehe ya Waziri, na kicheko kikamkauka.

Siku ikafika. Banda lilifagiliwa, likawekwa viti mia mbili vya watumishi, jukwaa, na kipaza sauti. Kuku mia sita walizuiwa kwa wavu upande wa nyuma. Mkurugenzi hakuwa amekanyaga bandani tangu hotuba yake; aliamini mti wenye matunda hauhitaji kukaguliwa. Alipanda jukwaani na suti mpya.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "sasa utaona kwa macho yako. Fungueni wavu, kuku wakae."

Wavu ukafunguliwa. Kuku wakatoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Walipita chini ya viti, juu ya viti, na juu ya mapaja ya Mkuu wa Masijala. Sita walipanda jukwaani. Mmoja alimdonoa Waziri kamba ya kiatu mpaka ikafunguka, na mwingine, mkubwa, mwenye miguu imara kama ya meza, alimgeuzia Waziri mkia na kufanya anachofanya kuku.

"Kaeni!" Mkurugenzi alinong'ona kwenye kipaza sauti, na banda zima likasikia. "Kaeni, tafadhali!"

Watumishi kadhaa waliokuwa wamesimama wakakaa.

Waziri alifungua Mwongozo taratibu. "Ukurasa wa kumi na mbili," alisema. "'Asipokaa, kiongozi ajitazame.' Nijitazame, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi alikuwa na njia mbili tu, na zote zilikuwa na miiba. Ama uongozi wa Waziri ulikuwa na kasoro, ama kuku wa kwanza.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni kwamba… wale wa mwanzo… hawakuwa vizuri."

"Sogea kwenye kipaza sauti."

"Walikuwa wagonjwa wa miguu, Mheshimiwa. Walikosa vitamini."

"Nani aliwanyima?"

Hapo Mkurugenzi aligeuka na kumtazama Bwana Vitamini, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. Bwana Vitamini alisikia magoti yake yakilegea, akafikiri, kumbe ndivyo wale walivyojisikia. Akapiga moyo konde, akainuka na jalada kifuani.

"Mheshimiwa, ombi la kwanza hili hapa. Lilikaa mezani kwa Mkurugenzi siku thelathini na moja."

"Na hawa wa leo, nani aliwapa?"

"Mkurugenzi, Mheshimiwa. Sahihi yake hii hapa."

Waziri alisoma mihuri yote tisa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Kwa hiyo, Mkurugenzi, uliwahutubia wagonjwa kwa dakika arobaini."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wasingeweza kuondoka."

"Wasingeweza, Mheshimiwa."

Waziri alicheka mpaka akavua miwani. Watumishi, walipoona Waziri anacheka, wakacheka pia, na baadhi yao walikuwa wanacheka tangu mwanzo kwa ndani, sasa wakapata ruhusa. Mkurugenzi alishuka jukwaani akakaa kiti cha mbele, mikono magotini.

Mambo yangeishia hapo, na Waziri angeondoka na heshima zake zote. Lakini hotuba yake ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa na kurasa hamsini na nne. Akaifungua.

Kwenye ukurasa wa tatu, kuku waligundua mlango. Wakatoka wachache, kisha wengi, kisha wote. Kwenye ukurasa wa tano, mtunza stoo aliinuka, akainama kwa heshima na kusema kwamba ni wajibu wake kusaidia kukamata mali ya serikali. Akatoka. Wajibu huohuo ukamgusa tarishi, kisha masijala nzima. Makatibu muhtasi walitoka wamebeba viatu mkononi. Kufikia ukurasa wa kumi na mbili wakamataji walikuwa uani karibu mia mbili, wamekaa kivulini, na hakuna aliyemgusa kuku. Ndani alibaki Waziri, ambaye hakujua kusoma na kutazama kwa wakati mmoja, na Mkurugenzi, ambaye hakuthubutu kuinuka.

"Tukamwambie?" Bwana Vitamini aliuliza uani.

"Mwenyewe anaona," Shangazi alisema. "Akinyanyua macho."

Aliyanyanyua baada ya ukurasa wa mwisho, ilipokuwa imepita saa moja na robo. Alitoka nje polepole, kamba ya kiatu ikiburuta, akakuta watu mia mbili wakisimama na kujipangusa makalio. Alitaka kusema jambo kali. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango wa bawaba kavu. Sauti ilikuwa imemkauka yote.

Shangazi alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaanza kumweleza: kwamba vitamini si zawadi ya kuku bali ni chakula, kwamba madini hayasubiri vikao, kwamba wiki za mwanzo zikipotea miguu hairudi, na kwamba ufunguo wa stoo ukae kwa anayelisha. Alieleza kwa nusu saa. Bwana Vitamini alisimama pembeni yake na kuongeza vipimo. Waziri hakuwa na namna. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu ya Bwana Vitamini, akaandika juu ya jalada, "Ufunguo apewe huyu mama. Leo," na kutia sahihi.

Jioni wizara ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari. Ilisema kwamba Mheshimiwa Waziri alitembelea shamba la mfano na kuzungumza kwa kirefu na wafugaji.