Milima Kumi na Minne kwa Heledd

Jumatatu, 24 Februari
Mada ya mashindano ya mashairi kanisani imetangazwa: Anian! Ndivyo wazee wetu wa Wales walivyoyaita maumbile: milima, mito na vyote vinavyopumua. Vijana husema natur tu. Mshindi hukalishwa kwenye kiti cha mwaloni mbele ya kijiji kizima. Lazima niwe mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu nimemwoa Heledd, na sijampa hata siku moja ya kujivunia mume. Inaniuma.

Jumanne, 25 Februari
Nimeandika "Ee mlima". Nikakwama. Tudno, mpiga kinanda wa kanisa, kapita dirishani akitabasamu. Amemaliza, mjuaji yule!

Jumatano, 26 Februari
Nimemwuliza Heledd, kijanja, anian kwake ni nini. Akaniambia nivue buti kwanza, nimemchafulia jiko. Hana msaada. Nikampelekea Tudno keki ya zabibu ili nichungulie shairi lake. Keki aliila yote. Shairi alilikalia.

Alhamisi, 27 Februari
Nimewasilisha. Milima kumi na minne, kila mmoja kwa jina lake! Majaji hawatakiwi kumjua mwandishi, kwa hiyo kila mtu hujipa jina la kubuni. Langu: Mwana wa Mlima. Nani mwingine angelifikiria?

Jumamosi, 1 Machi
Jaji kasema amepokea Wana wa Mlima watatu, "na mlima wenyewe ungewakana wote." Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi na Tudno tulicheka kuliko wote. Kisha mshindi, Mshona Soksi, akaombwa asimame. Tarumbeta ikalia. Akasimama Heledd. Heledd wangu! Nililia waziwazi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Jumapili, 2 Machi
Nimelisoma shairi lake. Hamna mlima hata mmoja! Kuna mwanamume tu, anayebeba mwanakondoo mgonjwa ndani ya koti, akimwimbia kwa sauti mbovu, akidhani hakuna anayemsikia. Eti anian yote anayoihitaji Heledd huingia jikoni na mtu huyo. Nina wivu! Nikamwuliza ni nani. Kacheka hadi akashika meza, akasema, "Mpumbavu wangu wee, katafute!" Nitamtafuta! Kesho namvizia Tudno. Ningeandika zaidi, ila kalamu inateleza: huyu mwanakondoo ndani ya koti langu hatulii mpaka nimwimbie.